Birika Lililomtoa Jasho Binti Yangu

Ulikuwa mwaka elfu mbili na tisa. Hapana, nasema uongo. Mwaka huo bado nilikuwa gereji nikinyoosha bodi za magari na kuzipiga rangi. Ulikuwa elfu mbili na kumi na moja, kwa sababu goti lilikuwa limeshanistaafisha, nikawa mtu wa kukaa barazani kumkera mke wangu. Ndio mwaka binti yetu wa pili aliacha kazi kwenye studio ya watu, akaanza kupiga picha za matangazo kivyake, akiitwa kazi kwa kazi.

Mtaani wanamwita Subiri, kwa kuwa hajawahi kubonyeza kamera bila kulitamka neno hilo. Hata mama yake akimwekea chakula, yeye "subiri kidogo," anaisogeza sahani kwenye mwanga kwanza.

Watu wakisikia mpiga picha wanafikiria harusi. Huyu wangu hupiga vitu vinavyouzwa: magodoro, mabati, viatu vya shule, vyumba vya hoteli, wafanyakazi wa benki waliokazwa tai mpaka mishipa ya shingo imesimama. Leo yuko juu ya paa la ghala, kesho amelala kifudifudi chini ya meza akitafuta uso wa kiatu. Kuna siku kampuni ya chakula cha kuku ilimletea vifaranga sita, wasimame kwenye karatasi nyeupe. Wakawa wanatawanyika kama watu waliosikia mtozaji kodi. Akaleta pasi, akaipitisha juu ya karatasi mpaka ikapata joto, akawaweka pale. Wakatulia wote sita kama waliosaini mkataba. Hapo natia chumvi, walitulia watano. Wa sita alikuwa mwanasiasa.

Lakini nilitaka kusema habari za birika.

Kiwanda kimoja cha vyombo vya jikoni kilikuwa kinatafuta mtu wa kukipigia picha zake zote, za katalogi na za maboksi. Wakampa Subiri vyombo kumi na viwili vya majaribio, vyote vya chuma kinachong'aa, avirudishe pamoja na picha Ijumaa saa sita mchana. Picha zikimridhisha meneja wa mauzo, kazi ya mwaka mzima ni yake. Zisipomridhisha, basi arudi kwa bosi wake wa zamani, ambaye alikuwa ameshamwambia mlango uko wazi, kwa ile sauti ya mtu anayejua utarudi. Hicho ndicho kilichokuwa kinamkosesha raha mwanangu.

Vyombo kumi na kimoja vilimtii. Cha mwisho kilikuwa birika, tumbo mbele kama mwenyekiti wa kamati, linang'aa kuliko kioo cha kinyozi. Ukilipiga picha, linakuonyesha chumba kizima: dirisha, taa, kabati, na Subiri mwenyewe katikati, kamera usoni.

"Baba, hili siyo birika," akaniambia Jumatano. "Hili ni shahidi."

Akachukua mashuka meupe ya mama yake, akajenga hema kuizunguka meza. Mama yake akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Hayo ni ya wageni."

"Na huyu si mgeni, mama?"

"Mgeni gani haleti hata sukari."

Ndani ya hema birika likawa jeupe tupu, halina umbo, kama yai. Hapo mimi nikajifanya mtaalamu. Walipokwenda jikoni, nikachukua poda ya mke wangu nikalipaka birika lote, taratibu, kwa kitambaa, kama ninayeuandaa mlango wa gari. Mng'ao ukaisha kabisa. Binti akarudi, akatazama. Hakufoka. Huyo hafoki.

"Baba. Wanauza mng'ao. Wewe umewafutia."

"Nilitaka kusaidia."

"Umelifanya linukie vizuri. Tatizo ni kwamba kwenye picha harufu haitasikika."

Tukaliosha. Nikiwa nalikausha, nikamwambia jambo ninalolijua kweli. Gereji, ukitaka kujua kama bodi imenyooka, huiangalii bodi. Unaangalia mstari wa taa unaoonekana juu yake. Mstari ukipinda, bodi imebonyea.

"Na birika usilinyime vya kuona," nikamwambia. "Lichagulie."

Kisha akakata karatasi nyeusi vipande virefu, akavisimamisha kushoto na kulia kwa birika, nje kidogo ya picha. Papo hapo mistari miwili myeusi ikateremka mbavuni mwake, na tumbo likatokea, la mviringo, zito, unatamani kulishika. Kivuli cha lenzi akakificha nyuma ya mdomo wa birika, kwa kuligeuza kidogo tu, kama upana wa unywele. Mimi nikapewa kadi nyeupe ya kurudishia mwanga niinue juu, nisipumue. Subiri. Subiri kidogo. Mara arobaini. Goti lililia, lakini ningesimama pale mpaka mwezi ujao.

Ijumaa nikamsindikiza kiwandani. Meneja, mama mmoja aliyevaa miwani ya kamba, akazipitia picha moja moja, kalamu mkononi. Kwenye birika akasimama.

"Hapa kwenye kishikio cha mfuniko," akasema, "kuna mzee."

Tukainama sote. Kweli nilikuwemo, mdogo kama punje ya mchele, mikono juu kama niliyekamatwa na polisi.

Binti hakubabaika. "Ni baba yangu huyo, bosi. Alinishikia kadi. Ukitaka nimtoe, ni dakika mbili kwenye kompyuta."

Meneja akanitazama, akaitazama picha, akanitazama tena.

"Na shati ni hilohilo," akasema. Akaiweka picha juu ya zile nyingine. "Mwache. Atakayemwona atakuwa ameliangalia birika langu sawasawa."

Akampa mkono. Kazi ikawa yake mwaka ule, na mwaka uliofuata, na mpaka leo hajamaliza. Dukani nikiliona boksi huwa nalishusha, namwonyesha muuzaji: huyu mimi, na picha hii ni kazi ya mwanangu. Ananiuliza, "Babu, unanunua?"

Kinachonisumbua ni hiki. Subiri huona unywele kwenye sahani akiwa mlangoni. Alhamisi kutwa alizikuza picha zile kwenye kompyuta, akafuta hata vumbi ambalo mimi nililiona ni la Mungu tu. Na kazi nzima ilikuwa inaning'inia hapo. Nimemuuliza tukiwa wawili, nimemuuliza mbele ya mama yake, nimemuuliza na mama yake peke yake. Mmoja hucheka, mwingine husema chai inapoa. Mwanangu, ulikuwa umeniona, ukaniacha makusudi?