Walioko Njiani

Mwanangu, jana uliponieleza kwamba ruta za kazini kwenu, zile mashine za mtandao, zikibadilishiwa njia, taarifa nyingine hupotelea katikati, nilikumbuka siku moja ya vita vya Kagera, hapa hapa Biharamulo, nikiwa msichana ambaye hajaolewa.

Watu walikuwa wakikimbia kutoka kaskazini, wanashuka kwa miguu, magodoro kichwani. Kijiji chetu cha ujamaa kilipewa kazi ya kuwapokea kando ya barabara kuu kwa maji na uji. Aliyesimamia jiko ni Mama Stefania, mjane wa Kihangaza, mpole lakini hasukumwi. Mimi nilikoroga uji huku macho yangu yako barabarani, kwa sababu dada yangu Adela alikuwa ameolewa kule kaskazini kwenye vita, na hakuna aliyekuwa amemwona.

Asubuhi hiyo katibu wa kijiji akaja mbio na baiskeli. Alisema barabara kuu inatakiwa kwa magari ya jeshi, wakimbizi sasa wapite njia ya shuleni. Tuzime moto, tuhamie huko mara moja. Nikaanza kumwaga maji motoni. Nilikuwa na hofu, mwanangu. Kila mngurumo nilidhani ni ndege.

Mama Stefania akanishika mkono. "Walioko njiani umewaambia?"

Akamgeukia katibu. "Ndugu katibu, tutahama. Lakini waliokwisha kupita njia panda ya kwenda shuleni wanakuja hapa. Wakikuta majivu, wataenda wapi na watoto?"

Katibu alikunja uso, akasema amri ni amri. Mwishowe akakubali tubaki, ila tusogee porini magari yapate nafasi.

Basi wenzetu wakatangulia shuleni na sufuria kubwa. Uji ulipochemka kule, ndipo mgambo mmoja, Laurenti, alipotumwa njia panda kuwageuza wanaofika. Mama Stefania alimwagiza amtazame vizuri mtu wa mwisho atakayemwacha aje kwetu, kisha atuletee habari. Habari ikaja: wa mwisho ni mzee anayesukuma baiskeli iliyofungwa cherehani.

Tukangoja. Magari yalipita, vumbi likaingia kwenye uji. Watu wakaja wawili watatu, wengine bila viatu. Niliuliza tena na tena kama hatuwezi kuondoka, na Mama alinijibu kwa kuongeza kuni tu. Nilikaa, nikasimama, nikakaa tena.

Jua likiwa limeinama, mzee wa cherehani akatokea. Aliyeshikilia kiti cha baiskeli yake, mjamzito, miguu imevimba, ni Adela. Aliketi chini hata kabla ya kunisalimu. Mama akampa uji, akasubiri amalize, ndipo akaniambia, "Sasa zima moto."

Adela alijifungua salama. Mpaka leo sipendi kufikiria angekuta nini kama tungehama asubuhi.

Kwa hiyo, mwanangu, usiikate njia ya zamani kwa sababu tu mpya imeshatajwa. Iandae mpya kwanza, uhakikishe inapokea. Kisha elekeza huko wale wanaoanza safari, na ya zamani uiache wazi mpaka wa mwisho aliyemo afike. Najua taarifa zako hazina miguu wala mimba, lakini upande wa pili kuna mtu anazingoja. Mungu akupe utulivu wa kungoja ambao mimi sikuwa nao, na kila utakachokituma kimfikie mwenyewe.