Siku Ishirini na Moja za Tarishi

Magazeti hupenda kujiita mhimili wa nne wa dola. Sisi wa chumba cha kupigia chapa pale Bungeni jina hilo tulimpa tarishi wetu, likamganda. Mhimili alikuwa mzee mrefu, magoti yamechakaa, na kwa miaka ishirini na saba kazi yake ilikuwa kubeba karatasi kutoka Bunge kwenda Ikulu na kurudi. Gari la ofisi lilikuwa gereji tangu nimfahamu, kwa hiyo alitembea.

"Wakubwa hawa hawaongei, dada yangu," alinitania kila nilipomkabidhi bahasha. "Bila miguu yangu hakuna serikali."

Katika mkoba wake wa ngozi mlikuwa na daftari jekundu. Kila bahasha ilikuwa na mstari wake: tarehe, saa, jina la mpokeaji, saini. Mimi mwenyewe aliwahi kunigombeza mbele ya watu kwa kupokea barua bila kusaini.

Mwaka wa mwisho wa Bunge kabla ya uchaguzi tulipiga chapa muswada wa uraia. Ulisema mtoto aliyeokotwa akiwa mchanga, wazazi wasijulikane, ahesabiwe raia na apewe kitambulisho. Kwa wabunge ulikuwa muswada kama mingine. Kwa Mhimili ulikuwa binti yake. Mke wake, mfagizi wa hospitali, alimkuta kwenye benchi la wodi miaka kumi na tisa nyuma, amefungwa shuka ya hospitali, wakamlea. Sasa binti alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na chuo kilitaka kitambulisho kabla masomo hayajaanza. Kila ofisi aliyokwenda aliulizwa mama yake mzazi alizaliwa wapi. Alirudi nyumbani amechoka kuliko mtu aliyelima.

Muswada ulipopita Bungeni, nilikwenda kuwapongeza. Binti hakuwa na haraka ya kucheka.

"Bado Rais," alisema. "Akikataa je?"

"Akikataa anaandika sababu, anaurudisha," Mhimili alimjibu. "Wabunge wakiushikilia kwa theluthi mbili ya wabunge wote, hana ujanja, inabidi asaini. Na akikaa kimya siku ishirini na moja zikapita, unakuwa sheria hata bila kalamu yake. Katiba haikumpa mtu mmoja kila kitu, mwanangu."

"Siku zinahesabiwa kuanzia lini?"

"Tangu siku nitakayoukabidhi mimi." Alisema hivyo kwa kujidai kidogo, na nilimwonea fahari.

Aliupeleka siku ya Alhamisi, mvua inanyesha. Kwenye dirisha la mapokezi ya Ikulu alikuwapo karani waliyezoeana miaka kumi na mitano. Mhuri ulikuwa umefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa ametoka. "Acha hapo, mzee wangu," karani alimwambia. "Nitaugonga baadaye. Daftari nitakusainia ukija tena. Utasimama na magoti hayo mpaka lini?" Magoti yalikuwa yanamuuma kweli, na karani alikuwa mtu wake. Akaondoka na mstari mtupu. Aliniambia baadaye kwamba aliukumbuka usiku huo, akajiambia ni karani yuleyule, kuna nini. Na kila aliporudi pale zamu ilikuwa ya mtu mwingine.

Nyumbani kwao walihesabu siku kwenye kalenda ya ukutani. Alhamisi ya tatu ilipita bila neno kutoka Ikulu, na Ijumaa asubuhi tulimpigia Mhimili makofi alipoingia ofisini. Saa tano gari la Ikulu likasimama mlangoni. Muswada ulikuwa umerudi, na kurasa tatu za sababu. Juu yake uligongwa mhuri wa mapokezi wa Jumatatu, siku nne baada ya Alhamisi ile. Kwa hesabu ya mhuri huo, Rais alikuwa bado ndani ya muda wake.

Katibu wa Bunge aliingia chumbani kwetu na muswada mkononi.

"Mhimili, uliupeleka lini?"

"Alhamisi."

"Daftari linasema hivyo?"

Mzee alilifungua. Tarehe ilikuwapo kwa mwandiko wake mwenyewe. Pa saini palikuwa peupe. Katibu aliutazama mstari ule, akamtazama mzee, kisha akaweka kalamu yake juu ya meza. "Natoka dakika tano," alisema, akafunga mlango.

Tulibaki wawili. Saini ya karani yule ilikuwa imejaa kurasa zote za nyuma, mkato mmoja na vitone viwili, hata mimi ningeiiga. Na nasema wazi, mimi ningeijaza. Hakuwa anasema uongo, muswada aliupeleka Alhamisi! Nikamwambia, "Jaza, baba. Mimi sijaona kitu." Aliitazama kalamu. Halafu akalifunga daftari.

Zilibaki theluthi mbili. Jumatano iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya Bunge, na wengi walikuwa wameshakimbilia majimboni kuomba kura. Zilitakiwa kura mia moja na sitini. Kengele ililia mara tatu, wakapatikana wabunge mia moja thelathini na mmoja, na wote waliunga mkono. Jioni hiyo Bunge likavunjwa na muswada ukafa nalo.

Mhimili alinisihi nifuatane naye nyumbani. Sikujua kwamba mtu anaweza kumwogopa mtoto aliyemlea. Binti alikuwa mezani, barua ya chuo mbele yake. Mzee alimweleza yote akiwa amesimama, dirisha, mhuri, mstari mtupu, hata kalamu ya Katibu.

"Ulikuwa peke yako na hiyo kalamu?" binti aliuliza.

"Nilikuwa na huyu mama yako mdogo."

"Ungejaza, baba." Hakupandisha sauti. "Kwa ajili yangu ungejaza."

"Nisamehe, mwanangu," mzee alisema. Binti alikunja barua ya chuo, akaanza kuondoa vyombo. Niliinama, maana na mimi nilikuwa nimesema hivyo hivyo, na sikutaka mzee auone uso wangu.

Wiki iliyofuata nilimkabidhi bahasha ya Ikulu. Mchana simu yangu ikalia. Alikuwa karani yuleyule wa mapokezi.

"Mama, huyu mzee wenu ana nini? Nimemwambia mhuri umefungiwa, aache tu, hataki kuondoka. Amesimama dirishani mwangu saa nzima. Na bahasha yenyewe ni mwaliko wa chai!"

Nikamwambia autafute mhuri, amsainie mzee, na aandike na saa.