Sekunde Sitini za Bwana Msuguano

Mtu akikwambia amefundisha fizikia miaka ishirini na miwili, usimwombe ajitambulishe kwa dakika moja. Bwana Msuguano aliombwa. Jina hilo alibandikwa na wanafunzi, kwa sababu kila mwaka aliwatangazia kwamba bila msuguano hakuna binadamu ambaye angeweza kusimama wima, na pia kwa sababu hakutoka kwenye kikao cha walimu hata kimoja bila kukwaruzana na mtu. Mwenyewe alijifanya halijui. Alilijua sana, na moyoni lilimpendeza kidogo.

Makamu mkuu wa shule, mama asiyependa maneno mengi, ndiye aliyemletea habari. Mwaka huu wanafunzi wanaoingia kidato cha tatu wangechagua masomo baada ya kutazama video fupi ya kila mwalimu. Somo litakalopata chini ya wanafunzi kumi na tano litafungwa, na mwalimu wake atahamishiwa maktaba.

"Mwaka jana ulikuwa na wangapi, mwalimu?" aliuliza, na karatasi yenye jibu alikuwa nayo mkononi.

"Kumi na tisa."

"Na mwaka juzi thelathini na mmoja. Jitahidi kutabasamu."

Alipokuwa akirudi nyumbani alijaribu kutabasamu mbele ya kioo cha duka la vifaa vya umeme. Muuzaji alitoka nje kumuuliza kama jino linamsumbua. Msuguano akaendelea na safari huku akiiwaza maktaba: rafu tatu, ufunguo mmoja, na tangazo mlangoni linalokataza watu kuongea. Miaka yote hiyo alikuwa akilipwa mshahara kwa kuongea. Hofu ikamshika kweli kweli.

Jumamosi mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa na siku ya mapumziko, naye akapewa kazi ya kushika simu. Msuguano alisogeza kochi, akabandika ukutani mchoro wa saketi ya umeme, akafunga tai, kisha akasimama mbele ya mchoro wenyewe akauziba. Kilichobaki kuonekana ni betri tu, tena ilionekana kama imemwota kichwani.

Video ya kwanza aliianzia mwanzo wa mambo: shule aliyosoma, alama alizopata, siku mkuu wa chuo alipompa mkono. Dakika moja na nusu ikapita, na bado alikuwa chuoni.

"Baba watoto," mkewe alisema, "hata mimi ninayekupenda nimechoka, na fizikia yenyewe sijaiona."

Ya pili akaingia moja kwa moja. "Habari zenu, wanafunzi. Fizikia ni somo la mai...?"

Akanyamaza. Akainua nyusi, akaweka kiganja nyuma ya sikio, kama alivyofanya kila siku ya kazi: mwalimu analianza neno, darasa zima linalimalizia kwa sauti moja. Sebule haikulimalizia. Yeye akaendelea kungoja, kiganja sikioni, betri kichwani.

"Maisha," mkewe akasema kwa huruma.

"Usijibu wewe."

"Sasa unamuuliza nani?"

Ya tatu, ya nne na ya tano aliapa kuyamaliza maneno yake mwenyewe, lakini mdomo ulikuwa na mazoea yake. Kila alipofika katikati ya neno la maana alisimama, akajikumbuka, akalimalizia mbiombio huku kijasho chembamba kikimtoka. Ya sita alimfokea mkewe kwamba simu ameishika vibaya. Mkewe akaiweka simu mezani, akamwambia njoo ujitazame.

Wakakaa kochini wakaitazama ile ya pili. Msuguano alikuwa akijua kwamba kungoja kule ni mbinu. Aliwahi hata kuwatolea mada walimu wapya, saa nzima, juu ya faida za mwalimu kunyamaza. Lakini mtu aliyemwona kwenye simu hakufanana na mwenye mbinu. Macho yalikuwa yamemtoka, shingo imeinama, na uso mzima ulikuwa unaomba. Alionekana mtu anayeogopa kwamba safari hii hakuna atakayemjibu.

"Nikipelekwa maktaba nitakufa, mama," alisema taratibu.

Mkewe alikuwa amesikia kazini watu wengi wakisema watakufa, tena wenye sababu nzito zaidi. "Hutakufa. Utanimaliza mimi, maana maneno yote utakuja kuyasemea hapa. Hebu waambie wao hivyo unavyoniambia mimi."

Akaivua tai. Akabaki hapo hapo kochini, mkewe akaishika simu tena.

"Mimi ndiye mnayeniita Bwana Msuguano. Najua mnaniita hivyo. Nafundisha fizikia, na siwezi kuifundisha peke yangu. Nimejaribu asubuhi nzima, mke wangu ni shahidi. Nahitaji watu kumi na tano. Si lazima muwe na akili nyingi. Ninachoomba ni mnijibu tu."

Sekunde thelathini na nne. Akaituma kabla kiburi hakijamrudia.

Wiki iliyofuata orodha za kujiandikisha zilibandikwa nje ya ofisi ya walimu, na Msuguano akawa mtu wa kufuata chaki zisizohitajika, mara nne kwa siku, ili apite pale. Ijumaa, siku ya mwisho, majina ya fizikia yalikuwa kumi na manne. Aliyahesabu kutoka juu, akayahesabu kutoka chini. Makamu akatoka kuja kuzibandua karatasi.

Ndipo akaja msichana mmoja, daftari kifuani.

"Mwalimu, kwenye video ulisema si lazima tuwe na akili nyingi. Ulisema kweli, au ilikuwa ya video tu?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kidato cha kwanza uliniambia fizikia si ya kila mtu. Tangu siku hiyo sikunyoosha mkono tena."

Msuguano alitafuta kichwani asiikute siku hiyo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Maneno ambayo binti huyu alikuwa ameyabeba miaka miwili, yeye hakufika nayo hata saa ya chakula cha mchana. Alikuwa amemlaumu makamu, akailaumu simu, akamlaumu na mkewe. Kumbe wanafunzi alikuwa akiwapunguza mwenyewe, mmoja mmoja, kwa mdomo wake.

"Nilikosea," alisema. "Nisamehe."

Msichana akaisogelea orodha. "Naomba kalamu, mwalimu."

Mfukoni alikuwa na moja tu, ile nyekundu ya kusahihishia. Jina la kumi na tano likaandikwa kwa wino mwekundu, na makamu alipolalamika kwamba linaichafua orodha, Msuguano akamwomba aliache hivyo hivyo.