Njambi Wawili, Ufunguo Mmoja

Becky wa Kimbo aliandika ile programu bure, na watu wa kanisa kule Ngoliba wakamsifu hadi akavimba kichwa. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja kutoa wazee mtoto wa jicho, na kazi ya programu ilikuwa kuwaita. Jina la mgonjwa ndilo lilikuwa ufunguo, na nyuma yake namba yake ya simu. Programu ingepita kwenye funguo zote, mmoja baada ya mwingine, ikituma ujumbe.

Cucu yake, yaani nyanya yake, Njambi Kiama, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Wiki ya madaktari alivaa nguo ya kanisani kila siku, akakaa mlangoni na simu mapajani. Haikulia. Kule Kimbo, Becky aliona ujumbe wote umetumwa bila kosa, akaridhika. Kumpigia cucu yake simu, hata hilo hakufanya. Madaktari wakaondoka hadi mwaka ujao.

Becky alipoifungua tena programu, aliona namba iliyo nyuma ya jina la cucu si yake. Kulikuwa na Njambi Kiama mwingine, binamu ya cucu. Wote wawili walipewa jina la nyanya mmoja, kama mila inavyotaka. Lakini jedwali la funguo halijui mila. Ukiliwekea jina lilelile mara ya pili, namba ya kwanza inafutwa, wala huonywi. Binamu aliandikishwa baadaye. Yeye ndiye aliyeitwa akatibiwa, na sasa anaona hadi anachambua maharagwe mwenyewe.

Jumamosi Becky alienda Ngoliba, aibu imemjaa.

"Labda daktari aliona nimezeeka sana," cucu alisema, akipapasa meza atafute kikombe cha mgeni.

"Si daktari, cucu. Ni mimi. Programu yangu ilikuwa inajua watu kwa majina tu. Jina la binamu yako likaingia, namba yako ikatoka."

Cucu hakugomba, na hilo lilimuumiza Becky kuliko matusi.

"Kwani wewe unaitwa nani?" cucu akauliza.

"Becky."

"Hilo ni la shule. Nauliza lile ulipewa ukizaliwa."

Becky alishindwa kumtazama, ingawa alijua hata akimtazama, cucu hangeona.

"Njambi," akasema.

"Eeh. Nilikupatia langu," cucu akasema, mkono bado unatafuta kikombe. "Na ukasahau tuko wengi."