Paka wa Madame Alikuwa na Choa

Mpaka leo nikimwona paka mweupe mwenye manyoya marefu, damu yangu inachemka. Paka mwenyewe hana kosa. Kosa ni la yule madame wa Kibelgiji mwenye nyumba kando ya ziwa, hapa Gisenyi, ambako baba yangu alikuwa dobi miaka ile ya hamsini.

Paka huyo alipenda kulala ndani ya kikapu cha nguo zilizotoka kupigwa pasi, kwa sababu ya joto lake. Kila mara baba alimbeba akamtoa. Halafu paka akaanza kunyonyoka manyoya masikioni, akabaki na vipara vya mviringo vyenye magamba. Haukupita muda, baba naye akatokwa na duara nyekundu mikononi, palepale alipokuwa akimbebea. Mtoto yeyote wa mtaani kwetu angejua nani kamwambukiza nani.

Madame aliona mikono ya baba tu. Akamwita barazani, mpishi akisikia yote.

"We iko sale!"

Kwa Kifaransa chake, sale ni mchafu. Baba, Mwislamu asiyejua Kifaransa, alisikia sala. Akafurahi kuulizwa jambo la maana.

"Ndiyo, Madame. Kila siku! Bibi yangu pia, na batoto yote."

Akafukuzwa kazi papo hapo. Tena madame akawatangazia Wazungu wenzake kwamba dobi kakiri mwenyewe, nyumba nzima ni wachafu! Baba yangu, mtu wa kutawadha hata maji yakiwa ya baridi kali! Hakuna nyumba ya ufukweni iliyompokea tena.

Mpishi alipotueleza maana ya neno lile, mama alicheka kwanza, kisha akalia. Baba hakucheka wala hakulia. Alichukua jiwe la kusugulia miguu, akaisugua mikono mpaka ikatoka damu. Msikitini akawa anasimama peke yake nyuma, asije akamgusa mtu bega. Nilimchukia yule mwanamke, nasema wazi.

Kazi akapewa dobi mwingine. Asubuhi moja nikipita barabara ya ziwani niliwaona mlangoni. Madame alikuwa anamkagua yule maskini mikono, mbele na nyuma, kabla ya kumruhusu kuingia. Alikuwa amemkumbatia paka kifuani, na shingoni kwake mwenyewe kulikuwa na duara nyekundu, pana kama sarafu.