Klasi ya Mfanyakazi

Mwaka shamba la mkonge lilipouzwa kwa mwekezaji, mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya shamba, Korogwe, na baba alikuwa mkata mkonge katika shamba hilohilo, upande wa Magoma. Alianza kukata kabla sijazaliwa. Tuliishi wawili tu kambini, kwani mama alikwishafariki.

Mwekezaji aliziondoa taipureta, akaleta kompyuta mbili na dada mmoja wa Dar es Salaam aje anifundishe. Dada huyo aliongea haraka na alicheka hata nilipokosea. Siku ya nne alinifundisha klasi, sehemu ya programu ya kompyuta.

"Klasi ni kama fomu tupu," aliniambia. "Unaamua mfanyakazi awe na nini: jina, mwaka wa kuzaliwa, anajua kusoma au hajui, na hali yake kazini. Ukimaliza kuiandika bado hujapata mtu hata mmoja. Unampata ukiijaza. Huyo ndiye tunayemwita kitu."

"Mtu anaitwa kitu?"

"Humu ndani kila kilichojazwa ni kitu, mdogo wangu. Usiwaze. Haya, jaza mmoja, yeyote unayemjua."

Nilimjaza baba. Nilipoiuliza kompyuta hali yake, ilijibu: yupo kazini. Dada alipiga makofi. "Freshi! Umeshaumba mtu."

Wiki iliyofuata niliyaingiza majina yote ya kwenye daftari la ofisi, na kila jina likawa kitu kipya. Jumanne meneja akaja na karatasi. Shamba lilikuwa linapunguza watu. Waliozaliwa kabla ya mwaka fulani, na hawajui kusoma, waondoke. Dada alinieleza kwamba klasi haihifadhi habari tu, unaweza kuipa na kitendo. Akaniachia niandike mwenyewe.

Kitendo changu nilikiita punguza. Kilikuwa na mistari mitatu. Ikiwa mtu amezaliwa kabla ya mwaka ule, na ikiwa hajui kusoma, basi hali yake iwe amepunguzwa.

Mwaka aliozaliwa baba nilikuwa naujua. Nilijua pia kwamba barua zote zilizowahi kuja nyumbani nilimsomea mimi. Sikumbuki moyo kunienda mbio. Nakumbuka niliacha nafasi nne mwanzoni mwa mstari, kama nilivyofundishwa, nikahakikisha sijasahau nukta mbili, nikakiendesha. Majina yakashuka kwenye kioo. La baba likapita pamoja na mengine. Nikamuuliza dada kama karatasi za printa zitatosha.

Jioni ile tulikula ugali na mlenda. Baba aliuliza, "Mashine yenyewe ngumu?"

"Si ngumu, baba."

"Vizuri," akasema, akaongeza mlenda.

Sikumwambia kitu siku hiyo, wala Jumatano, wala Alhamisi. Si kwamba niliogopa. Maneno hayakuja, na mimi sikuyatafuta.

Ijumaa asubuhi karatasi zilibandikwa ubaoni nje ya ofisi. Watu walijaa. Nilitoka kwa sababu baba alikuwa amesimama pembeni, mikono nyuma, akisubiri waliokuwa wakisoma wapungue.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Nisomee."

Nikamsomea jina lake. Kisha, chini kidogo, nikaliona tena, nikalisoma tena.

"Wamenipunguza mara mbili?" akauliza. Mzee mmoja aliyekuwa jirani yetu alicheka, halafu akaacha.

Nilirudi ndani kumuuliza dada. Akaonyesha mstari wangu wa siku ya kwanza, ule wa majaribio, ambao sikuufuta. "Kila ukijaza fomu unapata mtu mpya," alisema, "hata ukimpa jina lilelile na mwaka uleule. Kwa kompyuta hawa ni wawili." Ndipo akalitazama vizuri jina la ukoo, akanitazama mimi. Niliufuta ule mstari. Baba akabaki mmoja, amepunguzwa.

Nilipotoka tena alikuwa bado yupo.

"Jina la pili nilikosea," nikamwambia. "Niliandika mimi."

"Orodha umeandika wewe?"

"Ndiyo, baba."

"Ulijua tangu lini?"

"Jumanne."

Hakupandisha sauti. "Ungeniambia," alisema. "Jana nimeshinda nanoa kisu cha kazi."

Baada ya siku chache alirudi kwao Kwedizinga. Trekta la shamba lilimbebea kitanda, masufuria na jembe. Alipanda nyuma na vitu vyake, akaniambia nifunge mlango vizuri. Mchana ule meneja alitaka klasi ya mashine za kuchambua mkonge, nami nikaketi nikaiandika, ikakubali mara ya kwanza. Dada alimaliza muda wake akarudi Dar. Aliniaga kwa kunishika mkono na hakucheka.

Masika yalipokwisha nilikwenda kumwona baba. Alinipitisha shambani kwake mstari kwa mstari, mahindi yakiwa yameshanipita kimo. Nikasema ni mazuri. Tulitembea hadi mpakani, tukageuka.

"Mbona huulizi mvua?" akasema.

Nikauliza mvua ilikuwaje. Akaanza kunieleza, tangu ile ya kwanza kabisa, nami nikamfuata nyuma nikisikiliza.