Sikio la Mzee Okelo

Nimeona heri niandike mwenyewe, kwa sababu kutoka Obunga mpaka Muhoroni watu wanaicheka hadithi hii na kila mmoja anaongeza chumvi yake, na kama aibu ni yangu, basi wacha niipike mimi.

Mimi ni mchongaji. Nachora watu wakiwa wamekaa mbele yangu, wengine nawapaka rangi, na wakubwa wao nawamwaga kwa shaba, kazi niliyojifundisha kwa kuyeyusha mifereji mibovu nyuma ya nyumba (shule niliiacha nikiwa bado nafuata herufi kwa kidole, na sijawahi kuililia). Basi Mama Okelo, mjane wa mkulima wa miwa kule Muhoroni, akanijia anataka kichwa cha mume wake kiwekwe kando ya kaburi siku ya kumbukumbu, ili wajukuu waliozaliwa baada ya kifo chake wajue babu yao alikuwa na uso gani. Picha ilikuwa moja tu, na humo mzee amevaa kofia kubwa, kivuli kimemla mpaka puani.

"Nitakuja nikae na wewe, fundi," akasema. "Wewe unafinyanga, mimi nakuambia."

Hapo ndipo nilipojiharibia. Nikamjibu, "Mama, mimi sifundishwi uso na mtu. Nenda nyumbani, uso utakuja."

Kazi hii inaanza na nta. Ukishamaliza sura ya nta unaifunika udongo, unachoma, nta inatoka, shaba inaingia palepale, na baada ya hapo hakuna kubembelezana. Lakini mkono wangu umezoea mtu aliye hai, na marehemu hawezi kuja kukaa kwenye stuli. Shavu la mtu wa umri ule linaangukaje? Nikachukua kioo cha mke wangu, nyar Seme, yaani binti wa Seme, nikakitundika karakanani. Niangalie mikunjo tu, nilijiambia. Kumbe kioo ni kama mgeni ambaye ukimpa kiti anaomba na kitanda.

Siku ikafika. Hema limejaa, kwaya imevaa sare, matrekta ya miwa yamesimama kando kwa heshima ya mwenyewe. Shemeji wa Mama Okelo, mdogo wa marehemu, akaivuta leso iliyokifunika kichwa. Vijana wakainua simu. Wakapiga picha sanamu, halafu wakanigeukia mimi.

Mama Okelo akasogea, akaupapasa ule uso polepole. Kidole kikasimama kwenye sikio, juu kabisa, penye pengo.

"Mzee wangu alikuwa na masikio mazima," akasema.

Wote wakaangalia sikio langu, ambalo ng'ombe dume alilikata kwa pembe nilipokuwa kijana wa kuchunga. Nikakunja mikono, nikawaambia bila wasiwasi, "Langu ni la kushoto. Hili ni la kulia. Angalieni vizuri."

Nyar Seme, aliyekuja amevaa vizuri ili aonekane ni mke wa fundi, akauliza kutoka kitini, taratibu kabisa, "Mzee, kwani kioo changu kiko wapi?"

Kila mwanaume pale hunyoa ndevu, anajua kioo kinavyogeuza sikio. Kicheko kilianzia kwenye kwaya.

Na sasa kumbukeni kwetu, mwanaume akijiweka katika boma la mjane anakuwa amesema jambo. Shemeji akaniambia, "Fundi, mtu akitaka kurithi mjane anatuma wazee. Wewe umetuma kichwa."

"Na mwili utafika lini?" mwingine akauliza.

Mama Okelo hakucheka. Alikifunika kichwa na leso, akaniambia, "Nilikuomba mume wangu. Sasa wajukuu wangu watamsalimia nani hapa?"

Hilo ndilo lililoniuma, si kicheko. Tulirudi na pikapu, nyar Seme mbele na dereva, mimi nyuma na kichwa, na tulipokwama Nyamasaria kwenye msongamano, leso ilikuwa imepeperuka zamani. Watu wa barabarani walimwona mtu mmoja mara mbili.

Nilijiyeyusha mwenyewe. Safari hii Mama Okelo alikaa kwenye stuli na mimi nikafunga mdomo (nyar Seme anasema huo ndio muujiza). "Shavu lilikuwa chini zaidi," anasema. "Pua hapana, hiyo bado ni yako." Siku moja aliweka kiganja kwenye shavu la nta, akakiacha hapo, nami nikaosha mikono.

Mzee Okelo sasa yuko kando ya kaburi lake na masikio mawili mazima. Na mimi, uso wa marehemu siugusi tena mpaka aliyekula naye aketi karibu yangu. Kioo nacho nyar Seme amekifungia kabatini. Ndevu nanyoa kwa kupapasa.